Mazda MX-5 au Porsche Boxster: Anza na Uzito, Nguvu Baadaye

Anayetaka gari la wazi la viti viwili siku hizi hana mengi ya kuchagua, maana viwanda vingi vimeacha kuyatengeneza. Mawili ndiyo yanayolinganishwa zaidi. La kwanza ni Mazda MX-5, ambayo Japani huuzwa kwa jina la Roadster. La pili ni Porsche 718 Boxster, ambayo toleo lake la petroli liliacha kutengenezwa mwaka 2025 lakini bado linapatikana katika soko la magari yaliyotumika. Nchini Marekani, Mazda mpya huanzia karibu dola 30,000. Boxster ya miaka ya mwisho ilianzia zaidi ya dola 70,000, kabla mnunuzi hajagusa orodha ndefu ya nyongeza. Fedha za Porsche moja zinanunua Mazda mbili, na chenji inabaki.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa mtu anayeendesha katika barabara za kawaida, Mazda ndiyo gari bora, na ingekuwa bora hata kama bei zingelingana. Porsche ni kazi ya uhandisi ninayoiheshimu sana, na kuna wanunuzi ambao ningewashauri waichukue bila kusita. Lakini wengi wanaoitamani wanalipia uwezo ambao hawatapata mahali pa kuutumia.

Magari haya yalizaliwa kwa haja tofauti. Mwaka 1979 mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, alimweleza Kenichi Yamamoto, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Mazda, kwamba rodsta nyepesi za Kiingereza zilikuwa zinatoweka na hakuna aliyejitokeza kuziba nafasi yake. Mwaka uliofuata mbili kati ya hizo, MGB na Triumph Spitfire, ziliacha kutengenezwa. Baadaye Hall aliajiriwa na Mazda, na Februari 1989 gari lenyewe lilioneshwa Chicago. Lilikuwa na injini ya lita 1.6 mbele, magurudumu ya nyuma yakisukuma, na uzito usiofika tani moja. Kufikia Aprili 2016 kiwanda kilikuwa kimetengeneza la milioni moja.

Porsche ilikuwa katika dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mauzo yalikuwa yameporomoka, na mkuu wake mpya, Wendelin Wiedeking, aliwaleta washauri wa Kijapani waliofunzwa katika mfumo wa Toyota ili wafundishe kiwanda cha Stuttgart kuacha kupoteza muda na vipuri. Boxster ilioneshwa kama gari la majaribio Detroit mwaka 1993, ikaanza kuuzwa 1996. Ili kubana gharama, sehemu yake ya mbele ilichukuliwa na Porsche 911 mpya ya wakati huo karibu ilivyo, na injini zao zilikuwa za ukoo mmoja. Gari hilo liliinusuru kampuni.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapo ndipo uamuzi ulipo. Mazda ya sasa, kizazi cha nne kilichoanza 2015, ilianza na uzito wa kilo 990 katika toleo jepesi la Kijapani lenye injini ya lita 1.5 na nguvu farasi 130 na kidogo. Boxster ya 718 ya kawaida, yenye gia za mkono, ina kilo 1,335 na nguvu farasi 300. Ukigawa nguvu kwa uzito, Mazda inapata karibu nguvu farasi 133 kwa kila tani, Porsche 225. Kwenye karatasi mchuano umekwisha: Porsche inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 5.1 na mwendo wake wa juu ni kilomita 275 kwa saa.

Lakini sheria ya Kenya inamruhusu mwenye gari dogo kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu na 50 mjini. Tanzania nayo, kwenye makazi ya watu ni 50. Ukiwa na Porsche, unavuka 110 kabla ya kumaliza gia ya tatu, na injini bado haijaanza kazi yake. Kinachobaki ni kuendesha kwa robo ya uwezo, au kuvunja sheria na kuhatarisha watembea kwa miguu. Dereva wa Mazda anaweza kuipandisha injini hadi juu, akabadili gia, akafunga breki, akaingia kona kwa bidii yote, na bado akawa ndani ya sheria. Raha ya gari la spoti iko katika kufanya kazi nalo. Ukikaa tu juu ya nguvu uliyoifungia, huipati.

Uzito una jambo jingine ambalo muuzaji hakuelezi. Gari likiwa katika mwendo, nishati ambayo breki lazima ziimeze huongezeka sawasawa na uzito wake. Kilo 1,335 dhidi ya 990 ni nyongeza ya asilimia 35 katika kila kusimama, kwa mwendo uleule. Ndiyo maana Porsche ina breki kubwa na tairi pana, na kila kimoja kikiisha kinauzwa kwa bei ya ukubwa wake. Wepesi hushusha gharama zote zinazofuata: tairi nyembamba, breki ndogo, springi laini, mafuta kidogo. Wahandisi wa Mazda walilielewa hili tangu mwanzo, nami naliona kuwa ndilo wazo zuri kuliko yote katika gari lile.

Tabia barabarani pia zinatofautiana. Injini ya Mazda iko mbele, lakini imerudishwa nyuma ya ekseli ya mbele, na uzito unagawanyika karibu nusu kwa nusu. Ukiingia kona, bodi inalala upande kidogo. Wapo wanaoliona hilo kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa taarifa: gari linakuonesha tairi zimebeba mzigo kiasi gani, mapema, ukiwa bado na muda wa kurekebisha. Injini ya Porsche iko katikati, nyuma ya migongo ya abiria. Uzito ukikusanyika katikati, gari hugeuka upesi, na magurudumu ya nyuma hung'ang'ania lami vizuri unapotoka kwenye kona. Mpaka wake uko juu sana, lakini ukiuvuka unakuwa katika mwendo mkubwa, na gari linazunguka upesi kuliko mikono ya dereva wa kawaida. Mifumo ya kielektroniki husaidia, ila hakuna mfumo unaorefusha barabara.

Tairi nazo zinahitaji jicho, hasa kwa anayejua mashimo yetu baada ya masika. Mazda ya lita 1.5 huvaa tairi za 195/50 kwenye rimu za inchi 16, yaani ukuta wa mpira wa milimita 97 hivi kati ya rimu na lami. Boxster ikiwa na rimu zake za kawaida za inchi 18 huvaa 235/45 mbele, ambazo ukuta wake ni milimita 106, kwa hiyo hapo Porsche iko salama zaidi. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi waliongeza rimu za inchi 20 kwa ajili ya sura, na ukuta ukashuka hadi milimita 82. Shimo moja usiku, rimu inapinda. Ukiikuta Boxster yenye rimu za inchi 18, ihesabu hiyo kuwa sifa. Na magari yote mawili yako chini. Tuta lililojengwa bila vipimo ni adui wa bampa la mbele, ulipe dola ngapi.

Hadi hapa nimelinganisha magari mapya au karibu mapya. Wengi wetu tunanunua yaliyotumika, na huko ndiko kwenye mtego mkubwa. Boxster ya kizazi cha kwanza, ya 1996 hadi 2004, imeshuka bei hadi mtu anaiona ikiuzwa kwa fedha za Mazda changa kiasi, na moyo unamwenda mbio. Bei ya gari imeshuka, lakini bei ya vipuri haikushuka pamoja nayo. Injini hiyo hubeba zaidi ya lita 8 za oili, wakati Mazda inatosheka na 4 na kidogo. Huwezi kuiona kwa kufungua boneti: fundi huifikia kutoka chini, au kwa kuondoa vifuniko vya nyuma ya viti na vya kwenye buti. Rejeta ziko kwenye pembe mbili za mbele, nyuma ya matundu ya hewa yanayokusanya majani na takataka hadi zinaoza. Mifereji ya paa ikiziba, maji ya mvua huingia ndani na kulowesha kifaa cha kielektroniki kilicho chini ya kiti, na gari linagoma kuwaka.

Kubwa kuliko hayo ni beringi ya shafti ya kati. Ndani ya injini hiyo kuna shafti inayopokea mzunguko kutoka kwenye krankshafti na kuupeleka kwenye cheni za kamshafti. Mwisho wake mmoja unashikwa na beringi iliyofungwa. Beringi hiyo ikisagika, mpangilio wa muda unavurugika, valvu zinagongana na pistoni, na vipande vya chuma vinasambaa na oili injini nzima. Zilizo dhaifu zaidi ni za takriban mwaka 2000 hadi 2005, na suala hilo lilifika mahakamani Marekani. Dawa ni kufunga beringi imara zaidi, kazi ambayo hufanywa gia boksi likiwa limeshushwa, kwa mfano wakati wa kubadili klachi. Injini mpya iliyoanza na magari ya mwaka 2009 iliiondoa kabisa shafti hiyo. Linganisha na Mazda ya kizazi cha kwanza, inayotumia mkanda wa muda: ukikatika, injini inazimika, lakini valvu hazigusi pistoni. Unafunga mkanda mwingine na safari inaendelea.

Kwa fundi wa Nairobi au Dar es Salaam kuna faida nyingine. Injini ya lita 1.5 ya Mazda ya sasa ni ndugu wa ile iliyomo kwenye Axela, gari lililojaa mitaani. Roadster ina mabadiliko yake ya ndani, lakini fundi aliyewahi kuhudumia Axela hatakuwa mgeni. Porsche inahitaji kompyuta yake ya uchunguzi na mtu anayejua kuisoma.

Nani, basi, achukue Porsche? Mwenye safari ndefu za barabara kuu nzuri, kwanza. Boxster ni imara na tulivu kwenye mwendo ambao Mazda imeshaanza kupiga kelele za upepo, na ina buti mbili, mbele na nyuma, zenye jumla ya lita 270 hivi dhidi ya 130 za Mazda. Mtu mrefu pia: Mazda ni ndogo ndani, na za miaka ya mwanzo ya kizazi hiki zina usukani unaopanda na kushuka tu. Uwezo wa kuuvuta karibu uliongezwa mwaka 2018. Wapo pia wanaopenda sauti ya silinda sita zilizolala, na hao siwapingi. Wasichukue tu 718 ya kawaida wakidhani wanaipata: tangu 2016 hiyo ina silinda 4 na turbo. Silinda sita zilirudi kuanzia mwaka 2019 kwenye matoleo ya lita 4.0, na bei ikapanda ipasavyo.

Anayeagiza Japani hununua gari bila kulikalia. Tafuta basi mtu mwenye Roadster, umwombe uketi ndani kwa robo saa, paa likiwa limefungwa, magoti chini ya usukani. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa yenye umri mkubwa, kwa hiyo piga hesabu ya mwaka kabla ya kuangalia rangi. Soma karatasi ya mnada: herufi R kwenye daraja maana yake gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa, na gari lisilo na paa la chuma hutegemea sakafu na fremu zake kuliko magari mengine. Roadster ya 1.5 imeandikiwa petroli ya okteni ya juu, kwa kuwa injini yake hubana hewa kwa uwiano wa 13 kwa 1. Tafuta kituo cha mafuta chenye petroli hiyo kabla gari halijapanda meli.

Kwa Boxster ambayo tayari iko nchini, omba kumbukumbu za huduma, uliza kwa jina kuhusu beringi ya shafti ya kati na tarehe iliyobadilishwa, kisha gari lipandishwe juu na chujio la oili lifunguliwe mbele yako. Ukiona chembe za chuma zinazong'aa kwenye mikunjo ya karatasi yake, usijadili bei.