Chembe za hewani zinapong'aa: tahadhari isiyosubiri hadubini

Jioni ya Novemba 21, 2016, dhoruba ya radi iliupiga mji wa Melbourne, Australia, wakati nyasi zikimwaga chavua kwa wingi. Ndani ya saa chache maelfu ya watu walifurika hospitalini wakihema kwa shida, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa kwamba wana pumu. Watu 10 walipoteza maisha. Chembe nzima ya chavua ya nyasi ni kubwa. Hunaswa puani, ikaleta chafya na mafua ya mzio. Ikilowa, hupasuka na kutoa vipande vidogo vinavyoweza kupenya hadi ndani ya mapafu. Hatari ya namna hiyo huzaliwa na kuua siku hiyo hiyo, kwa hiyo kipimo chake nacho lazima kitoe jibu siku hiyo hiyo.

Kipimo ambacho nchi nyingi bado zinakitegemea hakiwezi. Mtego uliobuniwa na Mwingereza J. M. Hirst mwaka 1952 huvuta lita 10 za hewa kwa dakika, chembe zikanata kwenye utepe, kisha mtaalamu huzihesabu kwa hadubini, na matokeo huweza kuchukua siku kadhaa. Njia mpya hutumia sifa ya viumbe hai vyenyewe. Chembe zao huwa na protini yenye triptofani, pamoja na kemikali kama NADH na riboflavini ambazo seli huzitumia kupata nishati. Zikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, hufyonza nishati hiyo na kuirudisha mara moja kama mwanga wenye mawimbi marefu zaidi. Mng'ao huo ndio florisensi. Aina moja ya chombo humulika kila chembe inayopita kwa mwanga wa nanomita 280, unaoamsha triptofani, kisha wa nanomita 370, unaoamsha NADH, huku leza ikipima ukubwa wake. Kazi hiyo humalizika chembe ikiwa bado inaelea.

Wapo wanaosema picha za chembe zinatosha, bila florisensi. Ni kweli kwamba Uswisi ina mtandao wa vituo vinavyojiendesha, vinavyotambua chavua kwa umbo lake na kutoa takwimu za kila saa. Kwa chavua nzima, hoja hiyo ina uzito. Ila kipande cha chavua iliyopasuka hakina tena umbo la kutambulika, na ndicho kinachofika mapafuni. Katika jimbo la Iowa, Marekani, watafiti walitumia florisensi kufuatilia vipande hivyo wakati wa dhoruba za masika, wakavikuta hewani saa kadhaa baada ya mvua. Pale umbo linapopotea, kemikali hubaki kuwa shahidi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba masizi ya dizeli na moshi wa sigara navyo hung'aa. Ndiyo maana kusoma rangi moja ya mwanga hakutoshi: chombo kizuri hulinganisha mng'ao wa aina mbili au zaidi pamoja na ukubwa wa chembe, na programu yake hufundishwa kwa chavua na spora za kuvu zinazojulikana. Hata hivyo mipaka inabaki. Kirusi kimoja kimoja ni kidogo mno kuonekana kwa njia hii, na mng'ao hautaji jina la bakteria wala hauthibitishi kwamba anaweza kuambukiza. Anayedai kwamba chombo hiki kitachukua nafasi ya maabara anawapotosha watu. Kazi yake ni kutangulia: kuonyesha kwamba chembe za kibiolojia zimepanda ghafla, ili sampuli ikusanywe kwa uthibitisho, hospitali ziongeze wahudumu, na mwenye mzio afunge madirisha na kuweka karibu dawa yake ya kuvuta. Mashine hizi ni ghali, na bila hatua hizo fedha zitakuwa zimepotea. Zikiunganishwa na mfumo wa tahadhari wenye watu wa kuitikia, zitatoa kile ambacho mgonjwa wa pumu hukihitaji kuliko takwimu zozote za wiki iliyopita, nacho ni muda wa kujikinga.