Mitungi ya Gesi Chomboni

Siku hizi wengi katika sisi hupika kwa gesi, na mtungi wa kilo 6 au 15 huvuka bahari pamoja na unga, mafuta na magunia ya karafuu. Ni jambo la kheri, kwani nyumbani watu wamepumzika na moshi wa kuni. Lakini mtungi si gunia, wala haufai kupakiwa kama gunia.

Tuijue kwanza tabia ya gesi hii. Moshi hupanda, gesi ya mtungi hushuka. Propeni ina uzito wa kadiri mara moja na nusu ya hewa, na butani karibu mara mbili. Koki ikivuja chini ya sitaha, gesi hutiririka mpaka ngamani, pale pakusanyikapo maji, ikatulia humo, na upepo wa juu hauifikii. Ikichanganyika na hewa, kiasi cha sehemu 2 tu katika 100, cheche moja ya mashine yatosha kuiwasha.

Gesi hutiwa harufu mbaya makusudi, ili mtu atambue inapovuja. Hata hivyo tusitegemee pua peke yake. Pua iko juu, gesi iko chini. Na penye shehena ya karafuu, nani atasikia harufu nyingine?

Basi yatupasa haya. Mtungi ukae juu ya sitaha, mahali pa wazi penye kivuli, mbali na mashine na jiko. Usimame wima, ufungwe kwa kamba usiyumbe. Koki ifungwe barabara, na ijaribiwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Mtungi ulioliwa na kutu ya chumvi urudishwe kwa muuzaji. Mtungi uliokwisha nao una mabaki. Utunzwe kama uliojaa.

Harufu ikisikika, sigara na jiko vizimwe, swichi yoyote isiguswe, mifuniko ya sitaha ifunguliwe, na watu wote wakae juu, upande wa joshini.

Mwisho, twawaomba wanachama: nahodha akikataa kupakia mtungi, asilaumiwe, wala usifichwe ndani ya gunia. Karafuu zikipotea, huja msimu mwingine. Watu wa chombo hawana msimu wa pili.