Msamaha wa Kodi ya Ardhi na Elimu ya Umma: Mfano wa Kibera na Kawangware

Neno "kodi" lina maana mbili katika Kiswahili: ushuru unaotozwa na serikali, na malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Kaunti ya Nairobi inapotangaza msamaha wa kodi ya ardhi, mpangaji wa Kibera au Kawangware hana budi kujiuliza ni kodi ipi inayosamehewa. Makala haya yanadhamiria kufafanua anayefaidika na msamaha huo, na athari zake kwa elimu ya umma.

Kodi ya ardhi hutozwa na kaunti kwa mujibu wa kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 2010, na hulipwa na mwenye kiwanja. Kawangware, ambako viwanja vingi ni mali ya watu binafsi, mwenye kiwanja aliyechelewa kulipa huweza kufutiwa riba na faini. Mpangaji wake huendelea kulipa kodi ya nyumba ile ile. Kibera nako, sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, na wenye nyumba wengi hawana hati. Msamaha hauna cha kuwasamehe.

Aidha, upo msamaha usiotangazwa. Kwa takriban miaka 40, Nairobi ilitoza kodi hiyo kwa kufuata orodha ya thamani ya viwanja ya mwaka 1982. Bei ya ardhi ilipanda, thamani ya kitabuni ikabaki pale pale.

Je, shule huathirika vipi? Katika jimbo la California, Marekani, kura ya mwaka 1978 iliyowekea kodi ya mali kikomo ilizipunguzia shule fedha moja kwa moja. Nairobi hali ni tofauti. Shule za msingi za umma, kama vile Olympic ya Kibera, hupata walimu na ruzuku kutoka serikali kuu. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Kwa hiyo msamaha hauondoi mwalimu darasani.

Hata hivyo, Katiba imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini na mitaani. Mpango wa chakula wa Dishi na Kaunti, ulioanza mwaka 2023, nao hutegemea kwa sehemu mfuko wa kaunti. Pengo la kodi ya ardhi, basi, humwangukia kwanza mtoto mdogo kuliko wote.

Watetezi wa msamaha husema kwamba huharakisha ukusanyaji wa malimbikizo. Hoja hiyo ina uzito, lakini msamaha unaorudiwa humfunza mlipaji kungoja. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Mtoto wa miaka minne hayumo katika daftari la viwanja. Wanaopanga msamaha hawana budi kumhesabu.