Vita Vilivyokwisha Mara Mbili

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi. Afrika Mashariki bado risasi zililia. Siku mbili baadaye kikosi cha Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck kiliingia Kasama, katika Zambia ya leo, na habari za kusitisha mapigano zikamfikia kamanda huyo tarehe 14, karibu na Mto Chambeshi. Alisalimisha silaha rasmi tarehe 25 Novemba mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala. Ndiyo maana mwisho wa vita hivi una tarehe mbili za kukumbukwa: 11 na 25 Novemba.

Tarehe ya kwanza ililetwa na utawala wa Waingereza. Desturi zake ni zilezile zilizoenea kutoka London baada ya vita: kunyamaza kwa dakika mbili, shada la maua, tarumbeta, na ua jekundu kifuani. Tarehe ya pili ni ya wenyeji wa kaskazini mwa Zambia. Kando ya Chambeshi kuna mnara mahali habari zilipopokelewa, na Novemba 2018 Mbala iliadhimisha miaka mia moja ya siku ya kusalimisha silaha. Wenyeji husimulia pia kwamba silaha za Wajerumani zilitupwa katika Ziwa Chila. Simulizi hiyo huenda imedumu kuliko hotuba nyingi.

Dar es Salaam ina kumbukumbu ya shaba. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, imeshika bunduki yenye singe iliyoelekea bandarini. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mahali hapo awali palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Watu wengi hupita hapo kila siku wakiitumia kama alama ya kuelekezana njia tu, bila kujua ni ya vita gani.

Serikali ya Tanzania ina siku yake mwenyewe ya kuwakumbuka waliokufa: Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na viongozi wengine huweka silaha za jadi kama sime, shoka, upinde na mishale, kisha viongozi wa dini huomba. Siku hiyo hukumbuka mapambano mengi, wala si vita vya 1914 peke yake. Mkuki na ngao hapo vimewekwa pamoja na desturi ya kigeni bila kuifuta, kwa sababu shada la maua na tarumbeta bado vipo.

Wanaosahaulika mara nyingi katika sherehe hizo ni wapagazi. Jeshi lilitegemea watu wa kubeba chakula na risasi mahali pasipo na reli wala barabara, na mbung'o waliua farasi na nyumbu. Kwa hesabu rasmi za Waingereza, zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Wanahistoria huona idadi halisi ni kubwa zaidi. Sanamu za kumbukumbu ya vita hivi jijini Nairobi, za mwaka 1928, zina mpagazi mmoja kati ya watu watatu. Mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, imebeba jina la jeshi lao la wabeba mizigo.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ripoti yake ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa vitani, hasa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina kwenye minara ya kumbukumbu, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo tume imekuwa ikipekua daftari za zamani za Kenya na nchi jirani kutafuta majina hayo.