Pumzi ya Mbwa wa Uso Bapa

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Tezi chache za jasho alizonazo ziko nyayoni, na msaada wake ni mdogo mno. Joto la mwili wake likizidi kiwango cha kawaida, nyuzi 38 hadi 39 hivi za Selsiasi, tegemeo lake ni kutweta: hewa inapita mbio juu ya utando wenye unyevu wa pua, ulimi na koo, maji yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Pua ina sehemu kubwa katika kazi hiyo. Ndani yake mna vifupa vyembamba vilivyojiviringa, vimevikwa utando uliojaa mishipa ya damu, ili hewa iguse eneo pana ndani ya nafasi ndogo.

Sasa mtazame pagi, au buldogi wa Kifaransa. Wazalishaji walichagua vizazi kwa vizazi mbwa wenye uso mfupi zaidi, na mfupa ukafupika. Nyama laini za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho. Kaakaa laini limekuwa refu kupita nafasi yake na linaning'inia mlangoni mwa njia ya hewa. Vile vifupa vya pua vimebanana. Hata meno ni yale yale 42 ya mbwa yeyote, yakigombania taya fupi, ndiyo maana huota upande upande na fizi huugua mapema.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mchoraji Mwingereza William Hogarth alijichora mwaka 1745 akiwa na pagi wake, na mbwa yule ana pua iliyochomoza wazi. Uso bapa tunaouona leo uliongezwa na binadamu baadaye, kwa kupendezwa na sura inayofanana na ya mtoto mchanga. Mwaka 2017 watafiti walibaini kwamba badiliko katika jeni iitwayo SMOC2 lina mchango mkubwa katika ufupi huo. Ni jambo la kurithiwa, na kila anayechagua dume na jike wa kuzalisha analikazia au analilegeza.

Tatizo lenyewe linaelezeka kwa fizikia. Hewa ikipita kwa utulivu ndani ya mrija, kipenyo kikipungua nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Tundu la pua lililobanwa kidogo tu lina gharama kubwa. Mbwa hulazimika kuvuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo hunyonya nyama laini za koo kuelekea ndani. Nyama zinavimba, njia inazidi kuziba, naye anazidi kuvuta. Kwa sababu hiyo mbwa aliyekuwa akikoroma tu akiwa mdogo anaweza kuanza kuzimia ukubwani. Tena misuli inayovuta hewa nayo huzalisha joto, kwa hiyo jitihada ya kujipoza inamwongezea lile lile analolikimbia.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba wenye mbwa hawa hawaoni ugonjwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na wataalamu wa Royal Veterinary College ya London, asilimia 58 ya wenye mbwa walioonyesha dalili za wazi za kubanwa pumzi walisema mbwa wao hawana shida ya kupumua. Wanasikia mkoromo na kucheka. Wanasema ndivyo walivyo. Mtazame mbwa wako akilala. Akiweka kidevu juu ya ukingo wa kitanda chake ili shingo inyooke, au akisinzia ameketi kisha akishtuka kila mara, au akilala na mdoli mdomoni ili meno yasifunge, huyo anatafuta hewa. Mtazame na puani: tundu zima lina uwazi unaoonekana, lake yawezekana ni ufa tu, na kila anapovuta ufa unajifunga.

Kwa anayemfuga Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, hali ni nzito zaidi. Wakati wa kaskazi hewa imeshiba unyevu, na hewa ya namna hiyo haipokei mvuke kwa urahisi, hata kwa mbwa mwenye pua ndefu. Mtembeze alfajiri au baada ya magharibi, kwa mwendo wake, na akisimama msimame. Mchana akae ndani penye kivuli, sakafu ya baridi, feni na maji. Usimwache ndani ya gari, hata kwa dakika chache za kununua mkate.

Akizidiwa, utaona anatweta bila kutulia, mate yanakuwa mazito, anayumba, fizi zinageuka rangi na kuwa za bluu au nyekundu iliyokolea. Hapo usianze na safari ya kliniki. Mmwagie maji mwili mzima kwanza, mwelekezee feni, maji yaendelee kumwagika, halafu ndipo umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimfunike kwa taulo bichi ukaliacha juu yake, maana linazuia joto lisitoke.

Unene ni jambo ambalo mwenye mbwa analo mikononi mwake. Mafuta hujaa shingoni na kifuani, pale pale pasipo na nafasi. Mbavu uzipapase kwa vidole bila kuzitafuta. Zisipopatikana, punguza chakula na usione huruma. Mkanda nao uvuke kifuani, usikabe shingo. Hilo linalinda koo, na macho pia: tundu la jicho ni la kina kifupi, jicho limetokeza, na kishindo kikubwa au kukabwa vinaweza kulitoa mahali pake. Kope nyingi hazifungi sawasawa, kioo cha jicho kinakauka na kupata vidonda. Jicho linalofumbwafumbwa au kutoa machozi halisubiri kesho. Mikunjo ya uso ifutwe kwa kitambaa chenye maji kisha ikaushwe vizuri, kwani unyevu ukibaki humo ngozi inachubuka na kunuka.

Kabla ya upasuaji wowote, hata wa kusafisha meno, muulize daktari atamwangaliaje mbwa anapozinduka kutoka nusukaputi. Wakati huo kaakaa linaweza kuziba njia. Kwa mbwa aliyebanwa sana, upo pia upasuaji wa kupanua matundu ya pua na kupunguza kaakaa, nao huleta nafuu kubwa ukifanywa mapema. Mashirika mengi ya ndege hukataa kuwabeba mbwa hawa kwenye sehemu ya mizigo, na yana sababu nzuri.

Uholanzi ilianza mwaka 2019 kuzuia uzalishaji wa mbwa ambao pua yao haifiki karibu theluthi ya urefu wa fuvu. Kwetu mnunuzi ndiye mkaguzi, na kipimo kipo. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Cambridge na chama cha mbwa cha Uingereza walianza kuwapima mbwa kwa kuwasikiliza koo, kuwakimbiza polepole dakika 3, kisha kuwasikiliza tena. Stetoskopu ni ya daktari, lakini dakika 3 ni za kila mtu. Ukienda kununua mtoto wa mbwa, omba uonyeshwe mama yake, umwone akitroti dakika hizo. Akikoroma kwa sauti, akirudisha mate ya povu, au muuzaji akisema leo hawezi kukimbia, ondoka bila kununua.