Sauti Zikinyamaza, Je, Akili Imerejea?

Sisi watu wa pwani, kijana akianza kusema peke yake, neno la kwanza ni shetani. Atasomewa, atanyweshwa kombe, na akitulia tutasema, "Alhamdulillahi, amepona." Bara nako nimekuta kipimo ni hicho hicho: makelele yakiisha, maradhi yamekwisha.

Londiani ni mji wa baridi katika Kaunti ya Kericho, zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari. Huko mama mmoja alinieleza habari za mwanawe wa miaka 17. Kijana alikuwa akisikia watu wasioonekana wakimtukana. Alipewa dawa hospitalini, sauti zikanyamaza. "Lakini nikimtuma dukani vitu vitatu, analeta kimoja," alisema mama. "Akikamua ng'ombe, anayaacha maziwa pale pale. Babake anamwita mvivu."

Ndugu msomaji, huo si uvivu. Matabibu huyagawa maradhi haya mafungu matatu. La kwanza ni yale yanayozidi: sauti, na dhana kwamba watu wanamwinda. La pili ni yale yanayopungua: furaha, maneno, hamu ya kuoga na kukaa na wenziwe. La tatu ni kazi ya akili yenyewe: kusikiliza, kukumbuka, kupanga lipi litangulie lipi. Fungu hili aghalabu huanza kabla ya sauti. Mwanafunzi hodari hushuka darasani, na wakubwa humwona mtundu.

Dawa, tangu klorpromazini ilipoanza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952, hutuliza zaidi fungu la kwanza. Mawili yaliyobaki huyagusa kidogo tu, na hayo ndiyo yanayoamua zaidi kama kijana ataweza shule, shamba au duka. Tabibu Mjerumani Emil Kraepelin, mwishoni mwa karne ya 19, aliyaita maradhi haya wehu wa mapema, akidhani kwamba akili hudidimia tu. Alizidisha: wengi hupata nafuu, hasa wanaotibiwa mapema.

Nyumbani yapo ya kufanya. Mtume jambo moja kwa wakati mmoja, au mwandikie. Kazi yake iwe saa ile ile kila siku. Mwepushe na bangi na miraa. Dawa asiache bila ya shauri la daktari, hata akionekana mzima. Dua iendelee; haigombani na dawa. Maristani ya Sultan Qalawun, iliyojengwa Cairo miaka ya 1284 na 1285, iliwatibu wenye maradhi ya akili pamoja na wagonjwa wengine.

Sheria yetu humwondolea taklifu aliyerukwa na akili mpaka imrejee. Tukumbuke basi kwamba hurejea polepole, na huenda isirejee yote. Kijana aliyetulia bado ni mgonjwa anayehitaji msaada, na fimbo haitamfundisha kukumbuka.