Dawa ya Vitamini D kwa Soriasisi: Tuipake kwa Kipimo



Miongoni mwa maradhi yanayowatia unyonge akina mama wengi ni soriasisi. Huleta mabaka manene yaliyofunikwa na magamba, hasa viwikoni, magotini, kiunoni na kichwani. Kwa ngozi nyeupe baka huwa jekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi mara nyingi huwa la zambarau au kahawia. Wako wanaoyaficha chini ya buibui miaka na miaka, na wako wanaotengwa kwa kudhaniwa wana ukoma. Ieleweke basi kwamba soriasisi haiambukizi, si kwa mkono, si kwa sahani, si kwa kitanda. Si sababu ya kuvunja posa wala ya kumkimbia mke.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu. Moja ya dawa ambazo madaktari huwaandikia wagonjwa hawa ni kalsipotrioli, inayotokana na vitamini D. Ngozi yenye afya hujibadilisha kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Yenye soriasisi hufanya hivyo kwa siku chache tu, ndipo magamba yakarundikana. Dawa hii huipunguza kasi hiyo. Nafuu haiji kwa usiku mmoja. Huchukua wiki kadhaa, na subira ni sehemu ya tiba.

Kwa kuwa inapakwa tu, wengi huidhania ni mafuta ya kawaida. Hapo ndipo hatari ilipo. Ikipakwa kwa wingi hupenya mwilini na kuzidisha madini ya kalsiamu katika damu. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, kichefuchefu, uchovu na hata kuchanganyikiwa. Azionaye aache dawa na amwone daktari haraka.

Mtu mzima asizidishe gramu 100 kwa wiki. Tyubu tatu za gramu 30 tayari zinaukaribia mpaka huo. Anayetumia pia ya maji ya kichwani huhesabu zote pamoja. Kipimo chepesi ni hiki: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza hutosha sehemu iliyo sawa na viganja viwili. Ipakwe juu ya baka peke yake, kisha mikono ioshwe vyema, isije ikagusa macho au mtoto. Isipakwe usoni wala kwenye mikunjo ya ngozi bila agizo la daktari, kwani huwasha na kuchoma. Kwa hiyo dawa hii si ya kumng'arisha biarusi, wala tyubu ya shangazi si ya kuazimwa na mpwa.

Mwenye maradhi ya figo au ya kalsiamu, mja mzito, anayenyonyesha, na mzazi wa mtoto mgonjwa, wote wamweleze daktari kwanza. Aelezwe pia kuhusu vidonge vya vitamini D au kalsiamu vinavyomezwa nyumbani. Dawa ya salisiliki ya kulainisha magamba isichanganywe nayo, kwa maana huiharibu nguvu. Jua kali liepukwe. Na marhamu yenye mafuta mazito yakiingia katika leso, nguo hiyo hushika moto upesi. Tujihadhari karibu na jiko.

Kuna tyubu nyingine ambazo ndani yake kalsipotrioli imechanganywa na betamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi. Hii huwekewa muda, kwa kawaida wiki nne, na kuirefusha kiholela hukondesha ngozi.

Ama saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa dawa zinazopakwa juu ya ngozi hazifunguzi. Ama udhu, anayepaka mara moja kwa siku hupata wepesi akipaka baada ya Isha, na asubuhi akaosha taratibu mabaki yoyote yanayozuia maji kuifikia ngozi.

Ndugu zetu, tuwaondolee wagonjwa wetu haya isiyo yao, na tuwakumbushe kipimo. Allah awaponye wote wanaougua.

Wabillahi tawfiq.